Chui wa Senti Kumi: Uhakiki wa Picha Isiyo na Jina

Ndugu msomaji, mhariri aliponiomba uhakiki wa kitabu nilimwambia kitabu sina, nina picha ya ukutani. Akacheka. Nikamwambia picha yenyewe imenigombanisha na shangazi yangu, na nusura iniletee malipo yangu ya kwanza ya uandishi kwa kazi ambayo nisingethubutu kuwaonyesha ninyi. Akaacha kucheka. Akasema, haya, lete.

Picha iko Magomeni, sebuleni kwa bibi yangu mzaa baba. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo. Mvua ikinyesha, ukumbini tunaweka mabeseni matatu na ndoo moja, maana bati limeoza. Yakumbuke hayo mabeseni, tutayarudia.

Siku moja akaja mnunuzi wa vitu vya zamani, jina lake nalihifadhi. Alikuja kutazama kabati la Bibi. Alipoiona picha, kabati akalisahau. Akaishusha, akaigeuza, akaikwaruza kwa ukucha, akaguna.

“Mama,” alimwambia shangazi, “huu ni mkono wa Tingatinga mwenyewe. Sisemi wanafunzi wake. Mwenyewe! Ila hakuweka jina, na picha bila jina ni kama gari bila kadi.”

Shangazi akauliza bei. Ikiwa na jina na historia, milioni mbili. Bila jina, elfu themanini, tena kwa kumsaidia tu. Halafu akanigeukia mimi niliyekuwa nimeegemea mlango.

“Dogo, nasikia wewe ni mwandishi. Niandikie karatasi ya historia. Ukurasa mmoja tu. Babu yako alikutana na Tingatinga pale Morogoro Stores mwaka 1969, wakawa marafiki, akamzawadia picha. Weka maneno matamu. Suala la jina niachie mimi. Kwa ukurasa huo nakupa laki moja.”

Wenzangu wa kalamu, mnaijua njaa yetu. Tangu nimalize kidato cha nne nimeandika madaftari saba ya riwaya, na sijawahi kulipwa hata shilingi moja kwa neno nililoandika. Laki moja kwa ukurasa mmoja! Shangazi alinitazama kwa macho ya bati. Nikaomba siku tatu.

Siku hizo tatu sikuandika kitu. Nilikaa mbele ya picha na rula, tochi, na ule utaratibu wa fani na maudhui tuliokaririshwa darasani. Haya ndiyo niliyoyaona.

Fani

Picha ni ya mraba, sentimita 61 kwa 60. Imetengenezwa juu ya hadibodi, ile bodi ya kahawia ambayo mbele ni laini na nyuma ina alama kama za gunia. Lakini si picha ya rangi tupu. Msanii amechora, amekata, amebandika, na mahali pengine amepigilia misumari.

Juu ni anga la buluu, rangi ya mafuta inayong'aa, ile tunayoiita rangi ya baiskeli. Kushoto kuna mbuyu ambao shina lake ni magome makavu ya mgomba, yamebandikwa kwa mistari ya kusimama. Chini ya mbuyu anapita chui. Mwili wake ni rangi ya manjano, na madoadoa yake ni sarafu. Ndiyo, sarafu za kweli, za senti tano na senti kumi, zilizogandishwa kwa gundi kisha zikazungushiwa rangi nyeusi. Jicho ni kichwa cha msumari. Kulia, chini, wamesimama wanawake wanne waliokatwa kutoka kitambaa cha kanga, kila mmoja na kikapu. Mbele yao kuna mlango uliotengenezwa kwa kipande cha kopo lililonyooshwa kwa nyundo.

Mhakiki asiyetaja kasoro ni mpambe, kwa hiyo nizitaje. Mguu wa nyuma wa chui ni mfupi, ukiutazama sana utadhani mnyama anachechemea. Mkia umeotea mahali ambapo Mungu hakuuweka. Anga ni pana mno na halina kazi, wakati chini kumejazana. Gundi imevuja kwenye magome na kuacha madoa. Huyu hakuwa bingwa wa kuchora.

Lakini alijua vitu. Alijua kwamba gome la mgomba likikauka linapasuka kama ngozi ya mbuyu. Alijua kwamba kopo likipigwa nyundo linabaki na mabonde, na mlango wenye mabonde unaonekana kama umegongwa sana. Na alijua kwamba sarafu, kila jua la jioni linapoingia dirishani, itawaka. Saa kumi na moja jioni chui wa Bibi anatembea. Nimemwona tangu nikiwa mtoto. Mguu wake mfupi haumzuii.

Tarehe

Sasa tuje kwenye dili la yule bwana. Je, ni Tingatinga?

Tuanze na yanayojulikana. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam. Alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya sitini, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi vya mraba, na picha zake zikauzwa Oysterbay pale Morogoro Stores. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Kazi yake yote ya uchoraji haikufika hata miaka sita. Ndugu zake na wanafunzi wake waliendelea na mtindo ule, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika.

Kwa hiyo mnunuzi hakuropoka. Hadibodi ipo, rangi ya baiskeli ipo, mraba upo, chui yupo. Kwa macho ya haraka ushahidi umejaa kapu. Tatizo ni kwamba vitu hivyo vyote havikufa na Tingatinga. Aliyechora mwaka 1970 alitumia hadibodi, na aliyechora mwaka 1985 pia alitumia hadibodi. Ushahidi unaofaa kila mwaka haututajii mwaka.

Nikageuza picha. Nyuma kuna alama za penseli za fundi, vipimo vya futi. Moyo ukanipiga, nikadhani hapo nimepata kitu cha kale. Halafu nikakumbuka kwamba fundi seremala wa mtaani kwetu hadi leo anapima kwa futi. Tupa kule.

Kulikuwa na kutu kwenye misumari. Lakini kutu si saa. Magomeni, karibu na pwani, chini ya bati linalovuja, msumari unaota kutu kabla hujamaliza kulipa deni la nyundo. Kulikuwa na nyufa kwenye buluu ya anga, ambazo mnunuzi alisema ni za “miaka hamsini na zaidi.” Jua la dirishani linaweza kupasua rangi bila kusubiri miaka hiyo. Tupa kule.

Kulikuwa na kipande cha gazeti kilichobandikwa kuziba pengo kati ya bodi na fremu. Hakina tarehe wala jina la gazeti, lakini katikati ya mstari yanasomeka maneno Chama Cha Mapinduzi. Hapo nikakaa wima. TANU na ASP ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, miaka mitano baada ya Tingatinga kuzikwa. Nikataka kupiga kelele. Halafu nikajibishana mwenyewe: gazeti la nyuma linaweza kubandikwa na mtu yeyote, wakati wowote. Labda babu alitengeneza fremu upya. Gazeti linatoa umri wa kiraka, halitoi umri wa nguo.

Nikarudi mbele, kwa chui. Nikahesabu madoa yake. Sarafu ni kumi, na penye doa la kumi na moja kuna alama tupu, sarafu imebanduka. Saba kati ya zilizobaki ni senti tano, zile zenye samaki, za familia ya sarafu za mwaka 1966, nchi yetu ilipoachana na fedha ya Afrika Mashariki: senti tano ya samaki, senti ishirini ya mbuni, senti hamsini ya sungura, na shilingi ya mwenge. Familia hiyo haikuwa na senti kumi. Senti kumi ambayo wazee waliizoea ilikuwa ile ya zamani ya Afrika Mashariki, yenye tundu katikati.

Na zile tatu zilizobaki kwenye chui wetu? Ni senti kumi. Hazina tundu. Zina ukingo wa mawimbi, na juu yake anakimbia pundamilia. Senti kumi ya pundamilia ilianza kutoka mwaka 1977.

Mbishi atasema: sarafu nazo zinaweza kubandikwa baadaye. Swali zuri, nilijiuliza pia. Jibu liko kwenye ile alama tupu. Pale sarafu ilipobanduka, hadibodi inaonekana ya kahawia, haina rangi ya manjano chini yake. Rangi imeishia kwenye ukingo wa sarafu iliyopotea, na ukingo huo ni wa mawimbi. Maana yake sarafu, tena senti kumi ya pundamilia, ilibandikwa kwanza, na manjano ya chui yakapakwa baadaye kuizunguka. Chui huyu hakupewa madoa uzeeni. Alizaliwa nayo. Hawezi kuwa amezaliwa kabla ya 1977, na kwa hiyo hawezi kuwa mtoto wa Tingatinga.

Huo ni mwanzo. Mwisho je? Nilimwomba Bibi sanduku la picha. Ndani yake kuna picha ya harusi ya baba mkubwa, imeandikwa nyuma kwa mkono wa babu: Agosti 1984. Bwana harusi amekaa sebuleni, amekunja uso kama anadaiwa, na juu ya kichwa chake, ukutani, yupo chui. Nilitumia lenzi ya kusomea ya Bibi nikahesabu madoa: kumi na moja. Sarafu ilikuwa bado haijabanduka.

Basi: baada ya kutoka kwa pundamilia mwaka 1977, kabla ya harusi ya Agosti 1984. Ni miaka saba. Kwa kitu kisicho na jina wala tarehe, nadhani tumepiga hatua.

Baada ya hapo ndipo niliwauliza watu. Nilifanya makusudi. Ukiwauliza watu kwanza, macho yako yataona walichosema.

Shangazi alisema, “Mimi nimezaliwa nimeikuta hapo.” Shangazi amezaliwa 1971. Sikubishana naye, nilimuuliza tu anakumbuka nini. Akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Alisema alijifunzia kuhesabu kwa madoa ya chui, alipoanza darasa la kwanza, na alikuwa akichapwa kwa kusimama juu ya kochi ili ayaguse. Darasa la kwanza wakati ule ni miaka saba au minane. Piga hesabu mwenyewe: 1978, 1979. Kumbukumbu yake ya kwanza ilikosea na ya pili ikasema kweli, na zote mbili alizitoa kwa moyo mweupe.

Bibi hana habari na miaka yenu ya namba. Alisema: “Ilikuja wakati wa vita vya Amini, wakati wa foleni.” Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, na Kampala ilianguka Aprili 1979. Alisema kulikuwa na mpangaji wa chumba cha uani, fundi fundi wa kila kitu, baiskeli, redio, vibatari. Kazi zikakauka, akashindwa kodi ya miezi miwili. Asubuhi moja akagonga mlango na hadibodi mkononi, akasema, “Mama, hiki ndicho nilicho nacho.” Babu alikasirika. Bibi akaipokea.

“Jina lake nani, Bibi?”

“Tulimwita Fundi, baba. Jina la mtu anayedaiwa nani analiuliza?”

Maudhui

Mnunuzi aliisoma picha hivi: wanyama wa porini na wanawake wanaokwenda mtoni. Mapambo ya hoteli. Ndugu msomaji, ukikosea tarehe utakosea na maana, ndiyo sababu nimekuchosha na masarafu.

Tazama tena ukijua miaka. Wanawake hawaelekei mtoni. Hawana mitungi, wana vikapu, na wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, wakitazama mlango. Mlango hauna kitasa. Hiyo ni foleni. Mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini bidhaa ziliadimika nchini: sukari, sabuni, unga, nguo. Watu walipanga mstari alfajiri bila kujua dukani kumeletwa nini. Wazee wetu wakila unga wa njano waliuita unga wa Yanga, wakacheka ili wasilie. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na wengine wakatupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo.

Na chui? Chui amevaa fedha. Amejaa senti mwili mzima, anapita nyuma ya wanawake waliopanga foleni, na hawamwoni. Mwalimu wangu wa fasihi angesema haraka kwamba chui ni mlanguzi, akaweka nukta, akaendelea na ujumbe wa pili. Inawezekana. Lakini mimi naona kitu kingine pia. Zile ni senti tano na senti kumi. Nani anakuwa tajiri kwa senti kumi? Fundi hakuweka shilingi hata moja ya mwenge. Aliweka chenji ndogo kuliko zote, na kama duka halina kitu, basi chenji hiyo kazi yake nzuri kuliko zote ni kuwa doa la chui. Fedha imegeuka pambo. Sijui kama kuna mwandishi wa riwaya aliyeyasema maisha ya foleni kwa maneno machache kiasi hicho.

Hata lile anga tupu nililolilaumu, sasa silielewi kama kosa tu. Magome, kanga kuukuu, kopo, misumari: anayetengeneza picha kwa vitu hivyo ni mtu aliyekuwa na rangi kidogo. Naona alipaka anga kwa nusu kopo la buluu iliyobaki kwenye baiskeli ya mtu, na huku chini akatumia alichookota. Hii ni tafsiri yangu, mtu anaweza kuibishia. Sarafu haibishiwi.

Shule ya Oysterbay imo humu, sikatai. Chui aliyezungushiwa mstari mweusi na kung'aa kwa rangi ya baiskeli, vyote hivyo Fundi lazima aliviona mahali fulani mjini. Lakini Tingatinga kwa kawaida alimweka mnyama wake peke yake, mkubwa, mbele ya rangi moja iliyotulia. Fundi amemtoa mnyama huyo porini akamleta dukani. Ni mwanafunzi ambaye mwalimu hakumjua, na ameongeza somo ambalo mwalimu hakulifundisha. Ukimpa jina la Tingatinga unadhani umempandisha cheo. Kumbe umemnyang'anya chui wake.

Uongo wetu na uongo wao

Hapa ndipo linapotuhusu sisi tunaotaka kuwa waandishi.

Nilipokuwa nimekaa na kalamu, karatasi nyeupe mbele yangu, nilijiuliza: kwa nini nisiandike? Kazi yangu si kutunga? Kwenye daftari la nne la riwaya yangu kuna mzee aliyekutana na mtu ambaye hakukutana naye, na sioni haya. Tofauti iko wapi?

Nadhani tofauti ni hii. Riwaya ni uongo unaoingia kwa mlango wa mbele. Jaladani imeandikwa riwaya, msomaji anakaribisha mgeni anayemjua. Karatasi ya historia ni uongo unaoingia kwa dirisha la uani, wakati mwenye nyumba amelala. Wa kwanza unamwomba msomaji aamini kwa muda. Wa pili unamwomba alipe. Na kuna tofauti nyingine iliyonigusa zaidi: katika riwaya yangu yule mzee simpokonyi mtu nafasi yake. Katika karatasi ile, ili babu yangu akutane na Tingatinga mwaka 1969, ilibidi Fundi afutwe. Mtu aliyekosa kodi ya miezi miwili angekosa na hii.

Fasihi yetu imejaa kazi za namna hii. Mashairi yanayosemwa ni ya Fumo Liyongo, wataalamu wamebishana miaka na miaka kuhusu karne aliyoishi mwenyewe. Misemo ya kanga haina mtunzi anayetajwa. Hadithi za bibi zetu hazina hakimiliki. Wanaozichunguza hufanya kama tulivyofanya na chui: wanatazama karatasi, wino, mwandiko, wanatafuta neno ambalo lisingeweza kuwapo kabla ya wakati fulani. Kila kazi ina senti kumi yake mahali fulani. Kazi ya mhakiki ni kuitafuta kabla ya kufungua mdomo.

Na kazi ya mwandishi ni kuiweka kwa uangalifu. Nimerudi kwenye madaftari yangu saba kwa aibu. Katika la pili, harusi ya mwaka 1965, kuna mjomba anayepigia debe CCM. Katika la tano, mwaka 1970, mhusika wangu anasoma Daily News, gazeti lililozaliwa mwaka 1972. Mwingine analipa nauli kwa pundamilia miaka minne kabla pundamilia hajatoka. Nani angegundua? Bibi angegundua. Msomaji anaweza asijue kosa liko wapi, lakini atasikia kitu kinachechemea, kama mguu wa nyuma wa yule chui, na sisi hatuna sarafu za kumwasha macho.

Tukiandika juu ya zamani tusiridhike na “enzi zile za kale.” Tuulize sarafu gani ilikuwa mfukoni, gazeti gani lilifungiwa maandazi, chama kiliitwaje, barabara iliitwaje. Kitu kimoja kilichowekwa mahali pake kinashinda kurasa tatu za machozi.

Siku ya nne mnunuzi alirudi. Nilimpa ukurasa mmoja, kama alivyotaka. Nilikuwa nimeandika: picha ya vifaa mchanganyiko juu ya hadibodi, imetengenezwa Magomeni kati ya 1977 na 1984, yaelekea wakati wa vita vya Kagera au karibu na hapo, na mpangaji ambaye jina lake halikumbukwi, ikatolewa badala ya kodi ya miezi miwili. Nikaeleza sarafu, alama ya mawimbi, na picha ya harusi.

Alisoma mpaka mwisho, na nasema kweli alisoma vizuri. Akanirudishia. “Dogo, umeandika. Lakini hii haiuzi.” Akashusha bei hadi elfu sitini. Bibi, aliyekuwa kimya siku zote, akasema kodi yake ya miezi miwili haipungui, akaomba chui wake arudishwe ukutani.

Shangazi hajasema na mimi tangu siku hiyo, isipokuwa mara moja, wakati wa mvua, tukisogeza mabeseni. “Ukweli wako,” aliniambia, “uwaambie waje waezeke.” Sikuwa na jibu. Sina hadi leo. Nimehamisha picha kwenye ukuta ambao maji hayafiki, basi.

Nina ombi moja kwa wasomaji. Kama yupo ambaye baba yake au babu yake alipanga chumba cha uani Magomeni wakati wa vita vya Amini, akitengeneza baiskeli na redio, na akiona kitu anakibandika kwenye hadibodi, tafadhali aliandikie gazeti hili. Nyuma ya picha nimeacha nafasi, chini ya vipimo vya penseli. Haijaandikwa kitu.